Koti Lisilorudi

Watu wakiniona siku hizi nimetulia wanasema nimekomaa. Sijakomaa, nimechoka. Ukitaka kujua hasira zangu zimelala wapi, njoo uniambie "subira huvuta heri" nikiwa nimeshika mkasi. Methali hiyo nimelishwa asubuhi na jioni kwa miaka, na aliyenilisha ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Mjomba ni fundi wa makoti. Si wa kuziba viraka, wa makoti hasa, yale yenye bitana ndani na bega lililosimama. Nilihamia kwake mama alipofariki, nikakaa naye hadi nilipopanga vyumba vyangu viwili. Nilikuwa msichana wa mdomo mrefu na mikono mifupi, yaani maneno tele, kazi hakuna. Mama mwenyewe alikuwa fundi, tena wa sifa, lakini alichowahi kunifundisha ni kutunga uzi kwenye sindano, kisha maradhi yakamuwahi. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na kaka wa mama, na kwa yaliyonikuta, bora ningepelekwa huko ulimwenguni.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na kioo na pazia la wateja kujaribia nguo. Katikati cherehani. Pembeni, penye dirisha, alisimama mke wa mjomba na pasi yake. Huyo kila mtu alimwita Mama Pasi, hata mumewe. Nyuma kabisa ndipo ilipokuwepo meza ya kukatia, ubao mmoja mpana uliolainika kwa kusuguliwa na vitambaa. Hiyo meza ndiyo kisa chote. Maana pale kwetu anayekata ndiye fundi, wengine wote mnaitwa mikono. "Mikono imefika?" mjomba angeuliza asubuhi, na hiyo mikono ni mimi, mtu mzima na akili zangu, nimesimama mlangoni nafuta viatu.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mteja hakupimwa na mtu mwingine ila mjomba. "Mwenye duka ndiye anayemgusa mteja," ndivyo alivyosema. Akimpima kule mbele anazitaja namba kwa sauti, kifua hivi, bega hivi, mkono hivi, na aliye mezani anaziandika kwa chaki ukingoni mwa ubao, kisha anapima kitambaa na kukata. Mmoja anapima mtu, mwingine anapima kitambaa. Zamani aliyekuwa akikata ni jamaa mmoja tuliyemwita Mrefu. Huyo Mrefu alipoiva tu, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na letu, na nusu ya wateja wakavuka naye. Mjomba hakumtaja tena. Akimwona anapita hugeuka ukutani kana kwamba kuna kitu anatafuta.

Mrefu alipoondoka, mjomba aliniita mezani. Akafungua droo, akatoa tepu ya kupimia, ya kitambaa, njano yake imefifia na kingo zimesuguka. Niliijua kabla hajasema. Ilikuwa tepu ya mama.

"Hii ni ya dada yangu," akasema, akanivisha shingoni mbele ya Mama Pasi. "Kuanzia leo kata kwa hii, usikate kwa nyingine. Na nakuahidi, siku koti lako likitoka kwenye meza hii likavaliwa bila kurudi kurekebishwa, meza ni yako. Mimi nitakaa mbele na wateja, wewe utakuwa fundi."

Nililia kwikwi. Mama Pasi naye alilia, au alijifanya, sijui tena. Nilimshika mjomba mkono nikaubusu. Nikikumbuka hilo busu hadi leo nataka kuusugua mdomo wangu kwa sabuni.

Koti langu la kwanza lilimvaa mteja badala ya mteja kulivaa. Bega limelala, mikono imefika kwenye kucha, kifua kinaingia watu wawili. Yule bwana akajitazama kwenye kioo akauliza kama amekonda. Mama Pasi alicheka hadi akaketi. Mjomba hakucheka. Alimvua mteja koti taratibu, akalileta nyuma, akalifumua mabegani, akapunguza hapa na pale, na jioni koti likawa koti.

"Bado kidogo, mwanangu," akaniambia. "Haba na haba."

Nilirusha mkasi chini, ukaruka na kugonga mguu wa cherehani. Ndivyo nilivyokuwa. Mjomba akauokota, akaufuta, akaniwekea mkononi. "Hasira hasara. Kesho tena."

Basi kesho tena ikawa maisha yangu. Kusema kweli nilijituma, na hilo hakuna wa kuniondolea. Nilikusanya mabaki ya vitambaa nikawa nakata nyumbani mashuka yaliyochakaa, nachora bega, nafuta, nachora tena. Nilijifunza kuinoa chaki iwe na ncha. Nilijifunza kusikia kwa kidole upande ambao kitambaa kinavutika na upande ambao hakikubali. Nilijifunza kwamba kola haishonwi, inabembelezwa. Matundu yangu ya vifungo yakawa mazuri kiasi kwamba wateja waliyapapasa kabla ya kulipa. Hata ulimi wangu ulipungua makali. Mimi niliyekuwa nikimjibu kila mtu papo kwa papo, nikawa mtu wa kufumua mshono mzima bila kusonya. Majirani walimwambia mjomba amenitengeneza. Akasema, "Ni yeye mwenyewe, ana subira."

Lakini makoti yakawa yanarudi tu! Kila koti. Si kwa ubaya wa lile la kwanza, hapana, maana mshono ulikuwa safi, bitana imetulia, lakini lazima lipwaye. Siku zote bega linazidi, mkono unazidi. Mjomba analifumua na kulirudisha ndani, mteja anamshukuru mjomba, na mimi naambiwa bado kidogo. Nilianza kuamini kuna kitu kimepungua kichwani mwangu. Nilikuwa nazihesabu namba zile mara mbili, mara tatu, nikishika tepu ya mama kwa vidole viwili kana kwamba itanionea huruma. Nilimwomba mama msamaha, jamani. Nilikaa kwenye kitanda changu nikimwambia marehemu, "Mama, nisamehe, mkono wako sikuurithi."

Kuna mama mmoja mshona magauni, duka lake mtaa wa pili. Alikuja siku moja kununua bitana, akaona kola yangu, akanivuta nje. "Njoo ukate kwangu. Nitakupa meza yako na ufunguo wako." Nikamwambia asante, lakini sijaiva bado. "Nani kakwambia hujaiva?" Nikasema mjomba. Akasema haya, akaenda zake. Baadaye nikasikia amempata mwingine. Sikujuta hata kidogo, nilijiona mwaminifu.

Sasa sikiliza hili, maana hili ndilo linalonikereketa zaidi. Ulifika wakati jicho langu lilianza kukataa. Nikichora kwa chaki kufuata namba, jicho linaniambia hapa pamezidi, huyu mtu nimemwona pale mbele, hana bega hili. Siku moja nikalisikiliza. Nikakata ndani ya chaki, kidogo tu, upana wa kucha hapa, upana wa kidole kule. Lile koti likakaribia mno kukaa sawa. Mteja alishalivaa, ameanza kufunga vifungo, nami nachungulia kutoka mezani. Mjomba akalitazama lile koti, akanitazama mimi. Akamwambia mteja, "Lete kidogo, kuna kitu mgongoni." Akalileta nyuma, akaligeuza, akaokota mabaki yake chini ya meza, akaona mstari wa chaki umebaki kwenye mabaki.

"Umekata ndani ya chaki."

"Ndiyo mjomba, niliona kama..."

"Uliona? Fundi haoni, fundi anapima! Mama yako alikuwa anabahatisha? Nimekuvisha tepu yake shingoni ili ubahatishe?"

Hakuwahi kunipandishia sauti kabla ya siku hiyo. Nikaomba radhi, nikaahidi kufuata namba, na nikafuata. Nikalifumba jicho langu kwa mikono yangu mwenyewe. Makoti yakarudi kupwaya vile vile, nami nikasema moyoni, ona, nilitaka kuruka ngazi, sasa naanza upya. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilikuwa nakula maganda na kulamba vidole.

Halafu macho ya mjomba yakaanza kumsumbua. Akaenda kumwona daktari mji wa pili, akasema atalala huko kwa ndugu wa mkewe. Asubuhi hiyo hiyo akaingia baba mmoja mnene, mcheshi, muuza vipuri vya magari. Alitaka koti la kusafiria, na safari ilikuwa karibu.

"Msubiri mjomba wako," Mama Pasi akasema bila kuinua uso.

"Baba wa watu anasafiri, Mama Pasi. Namba za kifua na mgongo mimi sizijui?"

"Nimesema msubiri."

Sikumsubiri. Nikamsimamisha yule baba mbele ya kioo, nikaivua tepu shingoni, nikampima mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpima mteja. Alinitania, akaniambia tumbo lake linahitaji tepu mbili zilizofungwa pamoja. Nikaandika namba ukingoni, nikakata, nikashona siku nzima bila kwenda kula. Alipokuja kesho yake kulijaribu, nilisimama nje ya pazia nimeuma kucha, nasubiri kusikia "mbona linapwaya".

Akatoka. Koti lilikuwa limemkaa. Bega limesimama palipo bega, mkono umeishia kwenye kifundo, kifua kimefunga bila kuvuta. Akageuka huku, akageuka kule, akanyanyua mikono juu kama anayevuliwa silaha. "Weee! Limenikaa utadhani nimezaliwa nalo!" Akalipa, akatoka nalo mwilini, akavuka barabara akijitazama kwenye vioo vya maduka.

Nilicheza. Nilicheza pale katikati ya duka bila muziki, nikaizunguka meza nikiipigapiga. "Mama Pasi, halijarudi! Umeona? Halijarudi!" Mama Pasi alikuwa anapiga pasi mguu wa suruali ambao alikwishaupiga. "Hongera," akasema, na sauti haikuwa na hongera ndani yake. Nikadhani ana wivu. Nikasema moyoni, leo hata wivu wako ni mtamu.

Mjomba alirudi jioni, macho mekundu kwa dawa. Nilimpokea mfuko mlangoni kama mtoto. "Mjomba, koti limetoka halijarudi! La baba mmoja muuza vipuri. Ametoka nalo mwilini!"

Akasimama. "Nani alimpima?"

"Mimi."

"Kwa tepu gani?"

"Hii hii. Yangu."

"Ahaa," akasema. Akachukua mfuko wake mikononi mwangu, akaketi, akaanza kuvua viatu. Nikauliza, "Na meza, mjomba?" Akasema bila kuniangalia, "Koti moja si ushahidi. Bado kidogo."

Nilirudi kwenye kigoda changu nikaendelea na matundu ya vifungo, lakini swali lile halikuniachia. Kwa tepu gani. Mtu ambaye hajui kitu anauliza ulikataje, ulishonaje, kitambaa kipi. Anaweza hata kukugombeza kwa kumgusa mteja. Lakini kwa tepu gani? Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Asubuhi niliwahi kufungua. Mjomba alikuwa ameiacha tepu yake kwenye msumari wa kioo, maana macho yalimzuia kupima. Nikaichukua. Nikaivua na yangu. Nikaziweka zote mbili juu ya meza, ncha kwa ncha, nikazinyoosha kwa viganja.

Mwanzoni zilikwenda pamoja, moja kwa moja, mbili kwa mbili. Kisha zikaanza kuachana, kidogo kidogo, na kila nilivyozidi kuzifuata ndivyo zilivyozidi kuachana. Arobaini ya mama ilikuwa imeipita arobaini ya mjomba kwa upana wa kidole gumba.

Nilikaa chini. Tepu ya mama ilikuwa imevutika. Ukimpima mtu kwa hiyo na ukakata kwa hiyo hiyo, hakuna ubaya, koti linakaa, kama lilivyomkaa baba wa vipuri. Lakini mjomba akimpima mtu kwa yake, akinitajia namba, nami nikikata kwa ya mama, kila namba inazidi. Bega linazidi, mkono unazidi, kifua kinazidi. Hata ningekuwa nani, hata ningesali na kufunga, koti lisingekaa. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa shingoni, na nilikuwa nakibusu kabla ya kulala.

Mama Pasi aliingia akakuta zile tepu mbili mezani. Akaweka mkoba chini polepole.

"Alijua?" nikauliza.

Akaanza kukunja suruali ya jana iliyokuwa dirishani.

"Mama Pasi, nakuuliza. Alijua?"

"Mama yako alikuwa anafunga mkasi nchani mwa hiyo tepu," akasema, "ili watoto wasiubebe. Anautundika msumarini, mkasi wa chuma, kutwa kucha unaivuta. Akawa anacheka mwenyewe, anasema tepu yangu hii ni ya humu ndani tu, ukitoka nayo nje inakuaibisha. Mjomba wako alikuwepo. Sote tulikuwepo, tulikuwa tunacheka naye."

"Na hukuniambia."

"Nilimwambia yeye. Nikamwambia huyu ni mtoto wa dada yako. Akasema acha kwanza, mwaka huu tu upite. Kisha mwingine. Mimi ningefanyaje, ni mume wangu."

"Ulikuwa unaniwekea chai, Mama Pasi! Koti likirudi unanishika bega unaniambia pole, kesho litakaa. Pole ya nini, na wewe unajua kesho halitakaa?"

Akafunika uso kwa kanga yake. Sikumhurumia. Yeye ndiye aliyenifunza kuosha nywele zangu mwenyewe baada ya msiba, yeye ndiye niliyekimbilia kwake kila mwanamume aliponivunja moyo, na muda wote huo alikuwa amekalia jambo hili kimya.

Mjomba akaingia. Aliziona tepu, akamwona mkewe analia, akafunga mlango nyuma yake na kugeuza kibao kionyeshe tumefunga. Hakukana. Nilitamani akane. Nilikuwa nimejiandaa kumsuta, na mtu asiyekana humsuti vizuri.

"Kaa chini," akasema.

"Sikai."

"Haya, simama. Kwani hukujifunza? Niambie ukweli. Ulipokuja hapa hukujua hata kushika mkasi. Kila koti nililolirudisha lilikufunza kitu. Kola zako zimetoka wapi? Jicho lako limetoka wapi? Mrefu alikuwa na jicho hilo? Wewe sasa unaliona kosa kabla ya tepu. Hilo nimekupa mimi."

"Umenipa au umeninyima? Siku nilipoliamini jicho langu ulinifokea!"

"Ungeondoka," akasema. "Mrefu alipoijua meza alikaa siku ngapi? Mikono kama yako haipatikani. Ningekuachia meza, kesho ungekuwa na duka lako, na mimi na macho haya ningebaki na nani?"

"Ungeniomba nibaki! Mjomba, mimi ningebaki. Mama wa magauni aliniita nikakataa kwa ajili yako. Ungesema tu, mwanangu usiniache, ningebaki hadi nizeeke!"

Hilo lilimgusa, nililiona usoni. Akashika ukingo wa meza. Lakini lilinigusa mimi zaidi, maana ilikuwa kweli, na machozi niliyokuwa nimeyazuia yakanitoka.

"Tepu ziko nyingi," nikasema. "Ungetafuta yoyote mbovu ukanipa. Mbona ya mama?"

Alijibu kwa upole ule ule wa bado kidogo. "Nyingine ungeishuku. Hiyo usingeishuku."

Mama Pasi akasema, "Mungu wangu," akatoka nje.

Hata tepu yenyewe aliichagua kwa akili. Ingekuwa imepungua, ningemharibia vitambaa, maana nguo iliyobana haina dawa. Hii ilizidisha tu, na nguo iliyozidi inapunguzwa. Hakupoteza hata shubiri moja ya kitambaa. Alichopoteza ni ujana wangu, na huo haukuwa kwenye hesabu zake.

"Basi chukua meza," mjomba akasema. Akasogea pembeni, akaifutia vumbi kwa mkono. "Ni yako. Nimekupa leo, mbele ya Mungu. Tepu chukua yangu. Tuanze upya."

Hiyo ndiyo siku niliyoiota. Nilikuwa nimeshaichagua hata nguo ya kuvaa siku hiyo, na nani nitamwita aje kuona. Sasa meza iko mbele yangu, mwenyewe ameniachia nafasi, na siitaki. Kwa sababu alinipa vile vile alivyoninyima, kwa mkono ule ule, kwa sauti ile ile. Angeweza kunipa wakati wowote. Kuiva kwangu hakukuwa na uhusiano wowote na meza.

"Kaa nayo," nikamwambia.

"Usifanye kwa hasira, mpwa wangu. Damu nzito kuliko maji."

"Damu nimeiona uzito wake, mjomba. Imenilalia."

Nikakunja tepu ya mama, nikachukua mkasi wangu na chaki zangu. Sikurusha kitu. Ningependa kukwambia kwamba nilivunja kioo, au nilipindua cherehani, maana zamani ningefanya hivyo na roho ingepoa. Nilishindwa. Mikono ilikataa, ilikuwa imefundishwa adabu. Hapo ndipo nilipomchukia kweli, nilipoona hata hasira yangu amekwisha kuikata na kuishona anavyotaka yeye. Nikafungua mlango, nikatoka nje kwenye jua.

Sasa nakatia nyumbani. Mlango wa chumba cha ndani nimeung'oa, nikaulaza juu ya makreti, ndio meza yangu. Mjomba ametuma watu, nimewaambia wamsalimie. Mama Pasi alikuja mwenyewe akasimama uani, nikampa kiti, nikampa maji, akanywa, akaaga. Siwachukii kila siku. Kuna siku nasahau hadi jioni.

Mteja wangu wa kwanza wa koti alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, anayependa kupapasa vitu kabla ya kuvisema. Nilimpima, nikakata, nikashona. Alipokuja kulivaa lilimkaa. Alisimama mbele ya kioo changu kidogo, akapeleka vidole nyuma ya shingo, akaifuata kola yote kuzunguka, kisha akateremka kwenye matundu ya vifungo, moja moja, hadi la mwisho.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

Nilitaka kusema mama yangu. Neno lilikuwa tayari. Nilitaka pia kusema hakuna, nimejifundisha mwenyewe, na hapo pana ukweli mwingi. Lakini vidole vyake vilikuwa kwenye ile kola, na kola ile naijua ilikotoka, najua ni mkono wa nani ulioushika wangu kunionyesha namna ya kuibembeleza.

"Mjomba wangu," nikasema.

"Lo! Basi anakupenda kweli huyo," akasema yule mama, akijitazama kwenye kioo. "Mtu asiyekupenda hawezi kukufundisha hivi."

Nikatia pini mdomoni, nikapiga magoti kumwekea pindo, na nikashukuru kwamba mwenye pini mdomoni hatakiwi kujibu.